Jina la Binti wa Subilaga

Tegeni sikio, wakubwa kwa wadogo, kisha mnihukumie shauri hili.

Katika hospitali moja ya nyanda za juu walikuwepo watu watatu. Tupokigwe, mtunza ghala, alijaliwa macho, halikumpita jambo. Lwitiko, fundi wa kompyuta, alijaliwa akili ya kufupisha yaliyo marefu. Anyitike, mkunga, alijaliwa moyo usiosahau.

Na alikuwepo Subilaga, mfuma sweta, kiziwi tangu utotoni. Uzazi wake wa kwanza alipasuliwa asijue kwa nini. Watu walifungua na kufumba vinywa mbele yake, basi. Alipozinduka, tumbo tupu, kitanda kitupu. Siku mbili alilia akiamini mwanawe amekufa, kumbe yu hai chumba cha pili.

Siku hizo kila kitu kiliombwa kwa fomu yake na njia yake: oksijeni huku, damu kule, kiti cha magurudumu kwingine. Wauguzi walizunguka na karatasi hadi soli zikalika. Tupokigwe akazifuata fomu zote kumi na tisa kwa miguu, mwezi mzima. Akarudi akicheka.

"Jamani, zote zinapita milango minne ileile! Yupo anayeomba, anayeidhinisha, anayeleta, na anayethibitisha kwamba kimefika."

Lwitiko aliposikia hayo akajifungia wiki sita, akaunda njia moja ndani ya kompyuta. Ukibonyeza unachotaka, ombi linakwenda lenyewe. Mkubwa wa kuidhinisha asipojibu kwa dakika tano, linahamia kwa msaidizi wake. "Njia haibadiliki," alisema. "Kinachobadilika ni mzigo."

Anyitike ndiye aliyemwona Subilaga akilia siku zile mbili, asiweze kumweleza neno. Orodha ya vitu vya kuombwa ilipopangwa, alisimama kikaoni. "Tieni na mkalimani wa lugha ya alama."

"Mkalimani si mtungi wa hewa, dada," mganga mkuu akamjibu.

Akarudi kikao cha pili, akakataliwa. Cha tatu wakachoka naye, wakakubali. Na kwa kuwa njia ilikwisha kuwepo, Lwitiko alimwongeza mkalimani kwenye orodha kabla chai yake haijapoa.

Mwaka uliofuata Subilaga akaletwa akiwa na uchungu, mtoto kalala kiubavu. Kati ya wale watatu, hakuna aliyekuwa zamuni. Muuguzi mgeni akabonyeza palipoandikwa mkalimani. Mganga mkuu alikuwa mkutanoni. Dakika tano zikapita, ombi likahama, msaidizi akaridhia. Nusu saa haijatimia, akaingia mwanamume mwenye koti lililolowa mvua, akainua mikono: "Mtoto amekaa vibaya. Daktari anaomba kukupasua. Unakubali?"

Anaomba! Subilaga akaitazama mikono ile machozi yakimtoka. Akajibu kwa yake: "Nakubali. Ila nikizinduka, nimwone mtoto kwanza."

Akazinduka, binti yu kifuani.

Alipotaka kumshukuru mkalimani, yule akatikisa kichwa. "Mimi niliitwa, nikaja. Watafute waliofanya niitwe."

Wakaitwa wote watatu, Subilaga akawaambia kupitia kwa mkalimani: "Binti yangu abebe jina la aliyenifikishia ile mikono. Nimezungumza na mume wangu. Jina litakuwa moja."

"Mpe la Lwitiko," alisema Tupokigwe. "Mimi nilitembea tu."

"Hapana, la Anyitike," alisema Lwitiko. "Mimi nilijenga njia, wala sikuwaza nani kaachwa nje."

Anyitike akajifuta macho. "Moyo wangu ulikuwepo tangu uzazi wako wa kwanza, mwanangu, na haukukusaidia kitu. Mpe la Tupokigwe, aliyetufumbua macho."

Subilaga akawashika mikono, mmoja baada ya mwingine, asijue achague jina la nani. Karani wa vizazi kafungua daftari, anangoja.

Haya, enyi mliosikiliza: kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika jina la nani?