Mjane na Magunia ya Mwezi wa Tisa

Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Najua mmechoka. Baridi ya mwaka huu imetupiga vibaya, na nikiwatazama kutoka hapa naona wengine mmefika kwa sababu tu miguu inaijua njia ya kanisani. Basi leo sitawapigia kelele. Nitawasimulia habari za mama mmoja aliyechoka kuliko ninyi, na ninyi mnaosinzia kule nyuma sinzieni, ila sikio moja mniachie mimi.

Mama huyu alikuwa mjane. Aliishi juu milimani, huko ambako kipupwe kikishuka hata maji ya ndooni hufanya ngozi ya barafu. Mumewe alifariki mwezi wa saba, katikati ya baridi. Nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, marehemu alikuwa ameacha tuta la mayungiyungi meupe aliyoyapanda kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa, katika kijiji kile kulikuwa na desturi. Nyumba ikifiwa, hungoja mwaka uzunguke na baridi nyingine ipite. Ikishapita, hukatwa maua ya kwanza ya ua wa nyumba ile ile, si ya jirani wala ya kununua, yakapelekwa kaburini. Siku hiyo ndipo mjane hufunguliwa kitambaa cheusi kichwani, akarudi kwenye kwaya, akarudi kwenye ngoma za harusi za wenzake. Pasipo maua ya nyumbani kwake, kitambaa hakifunguliwi. Mnaona basi kwamba tuta lile halikuwa pambo. Maisha ya mama yule yalikuwa yamefungiwa pale.

Ikaja baridi ya pili, nayo ilikuja na sakitu, ile barafu nyembamba inayoanguka usiku na kuunguza majani yakawa meusi. Kila jioni mama alitoka na magunia ya viazi, na blanketi moja kuukuu, na vitenge viwili, akalifunika tuta lote na kukandamiza kwa mawe. Kila alfajiri akatoka kufunua, vidole vimekufa ganzi, ili maua yapate jua. Jioni kufunika, alfajiri kufunua. Mwezi wa sita wote, wa saba wote. Kazi yenyewe si nzito, lakini ninyi akina mama mnaijua kazi ndogo isiyokwisha inavyomla mtu.

Mwezi wa nane ukamdanganya. Jua liliwaka siku nne mfululizo, jua zuri, watu wakaanika mashuka. Jioni ya siku ya nne mama akasema, leo napumzika. Hakufunika. Usiku ule ule sakitu ikashuka, na kulipokucha nusu ya tuta ilikuwa imeungua. Mama akakaa juu ya kizingiti, hata kulia hakulia. Je, tumlaumu? Hatumlaumu. Nani kati yetu hajawahi kuliamini jua la siku nne?

Lakini mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile mama akafunika yale yaliyobaki, na asubuhi hakufunua. Akajiambia, kuna faida gani, jioni si inakuja tena? Ukaingia mwezi wa tisa. Kijiji kizima kikabadilika. Kila ua ukawa na rangi: waridi, alizeti, na yale maua mekundu ambayo hata mbuzi hayataki. Kwa mama yule palikuwa na magunia.

Wifi yake, dada wa marehemu, akapita asubuhi moja.

"Hodi, wifi!"

"Karibu wifi. Ingia haraka, nje kuna baridi."

"Baridi ipi tena? Mimi sweta nimevua tangu juzi. Kwangu maua yamefunguka mpaka njiani. Ya kaka yangu je?"

"Yamelala."

"Yamelala, na jua liko utosini?"

"Hata mwezi uliopita jua liliwaka, wifi, na yaliyonipata uliyaona. Yaache yakae humo humo."

Wifi hakutaka kugombana na mfiwa. Akanywa uji, akaenda zake.

Sasa sikilizeni hapa. Siku chache baadaye mama alipotoka kumwaga maji, aliona gunia moja limeinuka katikati. Kitu kilikuwa kinalisukuma kutoka chini. Akasimama na beseni lake mkononi, akalitazama muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akaleta gunia la pili, akaliweka juu ya lile la kwanza.

Mnanisikia? Aliona.

Zikapita wiki mbili. Wifi akarudi, safari hii uso umechangamka, maana wazee walikuwa wamekwisha kupanga siku.

"Jumamosi tunakwenda kaburini, wifi. Mchungaji amekubali, na kwaya wamekuwekea nafasi yako ile ile. Haya, twende tukaone cha kukata."

Mama akasema kiuno kinamuuma. Wifi akaenda mwenyewe, na mama ikambidi kumfuata. Wakaondoa mawe. Wakavuta gunia la juu, wakavuta la chini. Harufu ikawatangulia. Mashina yalikuwa yamerefuka, yamepauka, yamejikunja huku na huku yakitafuta pa kutokea. Na kila shina lilikuwa na ua lake. Yalikuwa yamechanua yote, jamani! Yalichanua gizani, yakaoza kwa ukungu, hakuna hata moja la kukata.

Mama akashika kichwa. "Sakitu! Sakitu imenimalizia hata haya!"

Wifi akaokota ua moja, likamwagikia kiganjani. Lilikuwa ua la kaka yake, kumbukeni hilo. Akasema taratibu, "Sakitu haijashuka hapa tangu mwezi wa nane. Wifi yangu, niambie kweli, nami simwambii mtu. Ulikuwa unaogopa sakitu, au ulikuwa unaogopa maua?"

Mama akakaa chini pale pale penye tope.

"Nimechoka, wifi," akasema. "Kwenye baridi hakuna anayeniuliza kitu. Wakinifungua hiki kitambaa watataka nicheke. Nami sijui kama bado najua."

 Wifi akakaa naye chini, wakalia wote wawili. Mizizi ilikuwa hai. Mwakani ingechipua tena, Mungu hana choyo. Lakini Jumamosi ile hakuna aliyekwenda kaburini, na mama yule akavaa kitambaa cheusi mwaka mwingine mzima. Mwaka wa kwanza alikivaa kwa sababu ya kifo. Huu wa pili alikivaa kwa sababu ya magunia.

Ndugu zangu, msimcheke. Sisi ndio yeye. Tunaomba Mungu atuondolee baridi, na baridi tumekwisha kuizoea, tunajua kuishi ndani yake. Ukiwa na shida watu hawakudai kitu. Ila siku Mungu anapoanza kukuinua, kuna kuamka, kuna kuoga, kuna kwenda kumsalimu yule mliyenuniana naye. Ndipo tunapokimbilia gunia la pili.

Yuko baba humu ambaye mwanawe amemwomba radhi mara tatu, na kila mara yeye husema, ngoja kwanza nimwone. Yuko dada aliyepona, daktari amesema amepona, na bado anajiita mgonjwa. Yuko mmoja aliyesamehewa mwaka juzi mbele yenu nyote, na mpaka leo anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Siwataji. Nami mwenyewe nimo, maana tangu tulipomzika mama yangu ni muda sasa sijaimba wimbo hata mmoja hapa mbele kwa moyo wangu, nachezesha midomo tu. Mlijua? Sasa mmejua.

Uchovu si dhambi. Mungu anayajua magoti yetu. Lakini kitu kinapoanza kusukuma kutoka chini, nawe umekiona, usiniambie ni sakitu.

Amina yangu naizuia kwanza. Nendeni nyumbani mkafunue. Mkishafunua, njoni tuiseme pamoja.