Nani Abaki na Ghala?

Sogeeni, na mwenye simu aizime, maana hii ya leo inataka masikio yote mawili.

Palikuwa na hospitali milimani, mtandao wake wa kubahatisha. Seva zake, ya maabara, ya dawa, ya wodini, hazikuweza kujitafutia programu mpya huko nje. Zote zilichota kwenye ghala moja, kompyuta iliyotunza kila programu hapohapo hospitalini. Ghala hilo lilikuwa na watu watatu.

Hizza alijua kuleta. Aliteremka mjini kwenye mtandao wenye nguvu, akapakua programu, akapanda mlima na diski kifuani, mvua ikimnyeshea.

Namsifu alijua kukagua. Hakuna kilichoingia ghalani kabla hajakipima na kukitia muhuri wake wa siri, na kisicho na muhuri huo seva zilikikataa katakata.

Shekiondo alijua kugawa. Seva hii ukiiwekea programu mpya kwa pupa inagoma, ile sharti uizime kwanza. Alizijua kama mtu anavyowajua mbuzi wake.

Na adabu yao, jamani! Hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake. Siku moja Namsifu alisema, "Kaka Shekiondo, nionyeshe na mimi."

"Unataka kunimwagia unga, dada?"

Akaona haya, hakuuliza tena.

Kikaja kirusi cha kompyuta. Hospitali za jirani zikazimika, watu wakarudishwa na maumivu yao. Hapa Hizza alileta kinga, Namsifu akaikagua na kutupa iliyochezewa, Shekiondo akaigawa seva moja baada ya nyingine. Hakuna mgonjwa aliyekosa majibu yake.

Mganga mfawidhi akawaita. Wakajua ni pongezi.

"Nawashukuru," akasema, macho mezani. "Ila tumekatiwa bajeti. Imebaki nafasi moja. Amueni wenyewe, mniletee jina."

Walipotoka tu, moto ukawaka.

"Bila mimi mngekagua nini?" akasema Hizza.

"Bila mimi ungeziletea seva sumu," akajibu Namsifu.

"Na bila mimi kinga ingeozea kwenye diski yenu," akasema Shekiondo.

Namsifu aliitaka sana nafasi ile. Mama yake alikuwa amelazwa wodi ya pili, na mshahara huu ndio uliomlipia matibabu. Kisha akawaza: nikibaki peke yangu, nani ataleta, nani atagawa? Akaogopa kwelikweli.

"Basi tufundishane kabla hatujaachana," akasema.

Hizza akacheka kwa uchungu. "Nikufundishe ili nifukuzwe vizuri? Anza wewe. Tupe siri ya muhuri wako."

Namsifu akafungua mdomo. Akamkumbuka mama. Akaufunga.

Wamekaa vilevile kwenye benchi la nje, hakuna anayemtazama mwenzake, na habari zimefika kwamba kirusi kingine kiko njiani.

Haya, mliocheka na msiocheka: lipelekwe jina la nani? Na huyo mtakayemtaja, kirusi kikifika, atafanya nini peke yake? Je, wewe ungeamua vipi, kama aliyelazwa wodi ya pili ni mama yako?