Mwenye Neno la Mofa

Palikuwa na Sultan wa Mwambakuu aliyetaka kumiliki neno. Si shamba, jamani. Mashamba Sultan Mwinyi Kopa alikuwa nayo tele. Alisoma katika kitabu kimoja chakavu kwamba neno mofa, ule mkate wa mtama uokwao kwenye tanuri la udongo, lilikuja na babu yake kutoka ng'ambo. Basi akapiga mbiu: tangu mwezi mosi Ramadhani, neno hilo atalitaja yeye peke yake. Mwingine akilitaja, bakora. Na atakayemuuzia mtu huyo, tanuri lake livunjwe.

Tanuri lenyewe lilikuwa moja tu mjini, la Bi Mize, mjane. Marehemu mumewe alilifinyanga kwa mikono yake, Mungu amrehemu, na ndilo lililomlisha tangu alipobaki peke yake. Bi Mize aliisikiliza mbiu mpaka mwisho, akasema alhamdulillahi, akaendelea kukanda.

Majirani hawakupata taabu. Kila nyumba aliijua idadi yake, akaipelekea bila kuulizwa. Lakini jumba la Sultan wageni wake hubadilika kila siku, lazima mtu aje kuagiza. Mwezi mosi, alasiri, akaja msimamizi wa jiko, Vuai, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi.

"Bi Mize, Sultan anataka arobaini."

"Arobaini nini, mwanangu?"

Vuai akafungua kinywa, akaukumbuka mgongo wake, akakifunga.

"Vile vya mviringo."

"Hata mwezi ni mviringo."

"Mama, si unajua ninachotaka?"

"Najua. Lakini nikijua bila kuambiwa, kesho watasema niliambiwa."

Vuai akarudi na kapu tupu. Huku nyuma Bi Mize akatoa mikate ya mwisho ya majirani, akaacha moto ufe. Jua likashuka, wageni wakajaa barazani. Mwishowe Sultan akaja mwenyewe kwa miguu, joho likifagia majivu, wanawake wa mtaa wakimtazama madirishani.

"Mofa arobaini," akasema. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanasikiliza, akaeleza kwamba hata wingi wake una heshima: mofa moja, mofa mia, neno halibadiliki, kama ukoo wake.

Bi Mize akainama kwa adabu. Tanuri lilikuwa limepoa. Msikitini muadhini akaanza.

"Neno ni lako, Bwana wangu," akasema. "Futuru nalo."