Jilo na Kisu cha Kugawia

Kaa chini usikilize. Na wewe uliyesimama mlangoni kaa, unaziba mwanga. Nikisema upinde, semeni vuta.

Upinde!

Vuta!

Upinde!

Vuta, tunakusikia!

Haya. Zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaongea na watu, kulikuwa na jamaa mmoja huko nyika anaitwa Jilo. Upinde alikuwa anaujua, hilo hatumnyimi. Mshale wake ukitoka, umefika.

Kwao nyati hawindwi na mtu mmoja. Wanakwenda wawili. Mmoja anajibanza kwenye mti huku, mwenzake kwenye mti kule. Wa huku anapiga. Nyati akimjia mbio, wa kule anaita, "Huu! Niko huku!" Nyati anageuka. Akimkaribia wa kule, wa huku naye anaita. Nyati anakwenda, anarudi, anakwenda, anarudi, mpaka sumu ya mshale inamfika moyoni, analala. Watu wanarudi kwao wazima.

Halafu kuna sheria ya nyama. Aliyepiga hashiki kisu. Kisu anashika aliyeita. Yeye ndiye anagawa, na mpigaji anapokea wa mwisho.

Jilo aliwinda hivyo miaka mingi na shemeji yake, Komora, kaka wa mkewe. Na kila mara, kwa kuwa anapokea wa mwisho, anaangukia shingo. Sasa shingo ya nyati, jamani, unaitafuna leo unaimeza kesho. Siku moja ikamfika hapa. Akauliza mbele ya watu wote, kupiga kelele ni kazi ya kumshinda nani?

Komora hakukasirika. Akamwambia, "Shemeji, mshale wako unamuua nyati. Kelele yangu inakurudisha kwa dada yangu."

Jilo akabeba upinde wake akahama. Mkewe akamwambia wazi kwamba yeye hahami kwa ajili ya shingo. Basi jamaa akaenda peke yake, akajenga kibanda nyuma ya kilima, karibu na jabali kubwa. Akawa anapika peke yake, anakula peke yake. Akipiga chafya hakuna wa kumwambia afya.

Njaa ya nyama ikamshika. Akamwendea Kanga, akamwomba aje amwitie nyati. Kanga akakubali, ila akataka mafuta ya figo apake miguu yake iliyopasuka kwa miiba. Wakaenda. Jilo akapiga, Kanga akaita, nyati akageuka, wakaitana mpaka akalala. Kanga akanyoosha bawa apewe kisu. Jilo akakificha nyuma. Akakata mwenyewe, akampa Kanga kwato moja.

Mara ya pili akamwendea Nyani. Nyani alitaka ngozi tu, maana matako yake yalichubuka kwa kukaa kwenye mawe. Wakaenda. Jilo akapiga, Nyani akaita, nyati akageuka, wakaitana mpaka akalala. Nyani akanyoosha mkono. Jilo akakata mwenyewe, akamrushia pembe.

"Chukua, mzee. Kakalie hiyo."

Nyani akaiokota pembe, akaondoka nayo.

Mara ya tatu akazunguka nyika nzima. Kila anayemfuata ana mgonjwa nyumbani. Akarudi kibandani, akakaa. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu akatoka nje akapiga ukelele tu, ili asikie chochote. "Huu!" Jabali likajibu, "Huu!" Jilo akacheka mpaka machozi. Kumbe mwitaji alikuwa hapo hapo siku zote, na hali nyama.

Asubuhi akaenda kwenye kisima cha karibu na jabali, wanakokunywa nyati. Akapiga. Lakini mshale ukagonga mfupa wa bega, sumu ikawa inaingia polepole. Nyati akaja. Jilo akaita, "Huu!" Jabali likaitika kule nyuma. Nyati akasimama, akageuza masikio.

"Hiyo ni sauti yako," nyati akasema. "Inatetemeka kama wewe. Mwenzako yuko wapi?"

Jilo akauparamia mgunga mwembamba, miiba ikamchana, upinde ukadondoka. Nyati akaanza kuupiga mti kwa kichwa. Mara ya kwanza majani yakamwagika. Mara ya pili mizizi ikalia. Hapo Jilo akaacha kuita huu. Akalia, "Kanga! Nyani! Nakufa huku!" Jabali likarudia hivyo hivyo, likasambaza kilio nyika yote.

Nyani alikuwa si mbali. Akasema mwambieni akalie pembe, akaenda zake.

Nyati akarudi nyuma, apige mara ya tatu. Mti ulikuwa umeshalala upande.

"Huu! Niko huku!"

Alikuwa Kanga, na miguu yake ile ile iliyopasuka. Nyati akageuka, akamwendea mbio. Jilo akaruka chini. Njia ya kukimbilia kibandani ilikuwa wazi. Akaitazama. Kisha akaita kwa nguvu zake zote, "Huu! Niko huku!" Nyati akarudi. Kanga akaita. Jilo akaita. Nyati akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, mpaka akapiga magoti, akalala.

Jilo akachomoa kisu, akakishika kwenye makali, mpini ukamwelekea Kanga. Kanga alikuwa ameshapanda juu ya mti.

Jilo akamwambia, "Shuka ugawe, dada. Mimi nipe shingo."

Kanga akasema, "Mimi nimeitikia kilio. Mambo ya nyama hatukusemezana leo."

Jilo akakiweka kisu chini. Akakaa. Jua likapanda, nzi wakaja, tai wakaanza kuzunguka. Nyama ya kulisha kambi nzima iko mbele yake, na hakukata hata kipande.

Ndiyo maana wahenga wa nyika wanasema, mshale unaweza kuwa wa mtu mmoja, lakini kurudi nyumbani ni kwa wawili. Aliyekurudisha hai, usimfiche kisu.

Upinde!

Legeza!

Hadithi yangu nimeiacha pale pale, kisu kilipo. Ila usinyanyuke kwanza, nijibu: ungekuwa wewe ndiye Kanga, ungeshuka?