Zimwi Sikioni mwa Shekue

Sogeeni, ngano imefika, atakayesinzia ataiota.

Zimwi lilimwingia Shekue sikioni, likamnong'oneza kuwa chakula cha nyumbani kina sumu. Akaacha kula. Baba akafoka, "Hakuna zimwi!" Zimwi likanenepa. Wajomba wakamfunga kamba. Likanenepa zaidi, Shekue akabaki mifupa mitupu.

Dada yake, Mize, akaifungua kamba, akaketi naye na bakuli la uji.

"Kaka, linasemaje?"

"Uji una sumu."

"Mimi silisikii, ila naona unavyoogopa." Akaunywa yeye kwanza. Zimwi likasinyaa kidogo. Mize akarudi kesho yake, na keshokutwa, na kila asubuhi.

Siku ya arobaini Shekue akapokea bakuli, akanywa hadi nusu.

"Leo linasemaje?"

"Linasema hujui kupika."

Mize akacheka. "Liambie lizoee. Kesho napika tena."