Kiboko Aliyeotesha Mikuyu

Nikisema "Hadithi!" semeni "Itiririke!"

Hadithi!

Itiririke!

Hapo zamani za kale palikuwa na mto. Nilikuwapo, msinibishie. Nilikaa juu ya gogo, miguu majini, nikayaona yote kwa macho yangu haya.

Ngedere, fundi wa maneno, akawaambia wanyama, "Jamani, matete na mikuyu vinatuzibia! Fyekeni, mto upate kuonekana." Wakafyeka. Ngedere akapanda mikaratusi, miti ya kigeni. "Hii inakua haraka. Mtanishukuru!"

Kweli ilikua. Na kunywa maji ilikunywa! Mto ukakonda kama kamba.

Sasa Mdiria, ndege mvuvi, hutaga ndani ya shimo ukingoni. Akachimba shimo, mvua ikaja, ukingo ukaporomoka, mayai yakaenda na maji. Akachimba la pili, likaporomoka, mayai yakaenda na maji. La tatu hakuchimba. Akalia, "Nina mayai tumboni, jamani, nitayaweka wapi?"

Kiboko akamsikia. Akang'oa mikaratusi yote. Fisi-maji, jirani yake wa mtoni, akachomeka mizizi ya matete kwenye tope. Kisha Kiboko akaenda mbali, upande wa juu wa mto ambako mikuyu haikufyekwa, akala makuyu yaliyoanguka, akarudi ukingoni, akatikisa kimkia: pata-pata-pata! Mavi yakaruka kila upande.

"We mzee, huna haya?" Ngedere akacheka. "Mkweo akikuona je?"

"Cheka tu, mwanangu. Mimi napanda."

Siku ya pili, pata-pata-pata! Siku ya tatu, pata-pata-pata! Donge moja likampata Ngedere usoni.

Matete yakaushika udongo. Mdiria akachimba, mvua ikaja, ukingo ukasimama imara. Vifaranga wakatoka, tena wazima! Na pale penye mavi, mikuyu ikachipua.

"Babu, nikupe nini?" akauliza Mdiria. "Samaki huli."

"Niamkie tu kila asubuhi."

Basi kila kukicha: "Shikamoo babu, ahsante babu!" Kiboko akatokwa na machozi.

Mikuyu ilipozaa, Ngedere akaja na njaa yake. Mdiria akamwambia, "Panda ule, ndugu yangu. Ila kwanza shukuru."

Ngedere akajipangusa uso. "Ahsante, mzee."

Basi, wenzangu, mti wa kwenu usiung'oe kwa sababu wa mgeni una haraka. Na aliyekutendea wema mshukuru, hata kama wema wenyewe umetoka mkiani.

Hadithi yangu naiachia mto, anayeitaka aifuate. Yote kweli tupu, isipokuwa yale machozi ya Kiboko. Hayo nimeyatia mimi. Alikuwa ametoka majini, amelowa tu.