Kombora Lililogonga Likanyamaza

Wazazi wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, tulieni kidogo, maana leo tunakwenda mbali, hadi kwenye vita kuu ya pili ya dunia, Wamarekani na Wajapani walipokuwa wakiwindana baharini.

Kulikuwa na nahodha mmoja wa nyambizi ya Marekani, ile meli inayokwenda chini ya maji. Silaha yake ilikuwa kombora refu kama mgomba, linalosafiri lenyewe majini hadi ubavuni mwa adui. Asubuhi moja waliikuta meli ya mafuta ya adui imesimama. Nahodha akafyatua. Wote wakasikia kombora likigonga chuma, ngoo, kisha kimya. Akafyatua la pili. Ngoo. Kimya.

Akamgeukia fundi wa makombora. "Umeyafanya nini?"

"Sijayafanya kitu, mkuu. Nadhani pini ya mbele ni dhaifu. Ikigonga sawasawa inapinda kabla haijawasha baruti."

"Pini imetengenezwa na mabingwa. Wewe umetengenezwa na nani?"

"Na mama yangu, mkuu."

Wenzake wakacheka. Nahodha hakucheka. Alimnusa mdomo asije akawa amelewa. Akaamuru begi lake lipekuliwe, na barua za mama yake zisomwe moja moja. Hawakupata kitu, na hilo likamzidishia shaka. Akamvua cheo, akamtupa jikoni kumenya viazi.

Semeni kweli, nani kati yetu angemwamini fundi yule?

Nahodha akayaandaa makombora yaliyobaki kwa mikono yake mwenyewe. Yakagonga, hakuna lililolipuka. Meli za ulinzi za adui zikaja mbio, nyambizi ikaponea chupuchupu. Akabakiza kombora moja, akarudi nalo bandarini liwe ushahidi, maana alijua wakubwa wake wasipomwamini atanyang'anywa nyambizi yake.

Mkuu wa silaha alimsikiliza huku akichonga penseli.

"Ulikosa shabaha, nahodha."

"Niliyasikia yakigonga."

"Mwenye hofu husikia mengi. Na hili ulilorudi nalo, nitajuaje kama hukulichezea njiani?"

"Basi chukua la ghalani kwako, lenye muhuri wako."

Wakalitoa baruti, wakalinyanyua kwa winchi, wakaliachia juu ya bamba la chuma. Pini ikapinda. Wakachukua jingine. Ikapinda. Mkuu akaweka penseli chini, akaagiza pini mpya zitengenezwe.

Nahodha akarudi nyambizini, akashuka jikoni anatabasamu. "Fundi, nimewashinda. Ni pini."

Fundi hakuacha kumenya. "Nilikuambia hivyo baharini, mkuu, ukaenda kusoma barua za mama yangu. Mkubwa wako hakukuamini ukaumia. Mimi ulifikiri siumii?"



Ndugu zangu, nahodha yule ni sisi. Tukishukiwa, tunadai kupimwa kwa haki. Tukishuku, tunapekua begi la mwenzetu. Binti akirudi nyumbani kabla ya kumaliza shule, tunauliza ni nani aliyemharibu. Mama akiomba na mtoto wake asipone, tunanong'ona kwenye benchi la nyuma kwamba ana dhambi aliyoificha. Tumewahi kuuliza kama kasoro iko kwenye kitu tulichompa sisi, ushauri wetu, malezi yetu, au maombi yetu ya haraka haraka?

Sisemi tusishuku kabisa. Wezi wapo, na waongo wapo, hata humu ndani. Lakini mbona shaka yetu kila siku inateremka, inamwangukia aliye chini yetu? Mbona haipandi hata mara moja ikatufikia sisi?

Yupo mtu nyumbani kwako ambaye alikwambia ukweli, wewe ukamwona mjanja. Unamjua. Usingoje uaibike wewe kwanza ndipo umwamini. Leo ukifika, kabla hujavua viatu, mwombe akuambie tena, nawe usimkatishe.